Nchi ya Majina Laini

Nilikwenda Telezi nikarudi, na anayeniuliza ni nchi ya namna gani namsimulia niliyoyaona, bila kutia chumvi. Njia ya kufikia huko haina habari. Mtu hupanda, huteremka, hufika. Habari iko kwa watu wake na majina yao, na ili ieleweke sina budi kuanza na jina langu mwenyewe.

Naitwa Mghoi. Ni jina la nyanya yangu mzaa baba, nililorithishwa kama ilivyo desturi kwetu Taita. Ni jina fupi, na hiyo gh yake ni ile ile ya ghala na ghorofa, lakini tangu niingie shule sijasikia mgeni akilipatia mara ya kwanza. Nimeitwa Mgoi, Mugoi, Migohi na Mangoi. Mchungaji aliyetufungisha ndoa alimuuliza mume wangu mbele ya kanisa zima kama yuko tayari kumchukua Magoti awe mkewe, naye, Mungu amrehemu, akajibu kwa sauti kwamba yuko tayari. Zahanatini, muuguzi akitokea mlangoni na kadi mkononi, akaitazama, akakunja uso, akanyamaza, mimi huinuka. Najua zamu yangu imefika.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, anaitwa Wakio. Aliolewa Telezi, na alipokaribia kujifungua mtoto wake wa pili aliniita nikakae naye, kwa kuwa mama yetu hayupo tena. Nilifunga mzigo wangu nikaenda.

Mpakani nilipokewa na afisa aitwaye Lilo, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole.

"Karibu sana, mama. Jina lako nani?"

"Mghoi."

Alifungua mdomo, akaufunga. Akajishika koo. "Samahani sana. Hebu tena."

"Mghoi. Gh kama ya ghala."

"Sisi hatuna ghala," alisema kwa masikitiko. "Tuna stoo."

Alijaribu hata jasho likamtoka kwenye paji la uso, kisha akaita wenzake. Walikuja, wakanipa kiti na chai ya tangawizi, wakaniuliza kama nimeteseka na jina hilo kwa muda mrefu, kwa sauti ile mtu anayoulizia kidonda cha mguu. Nikawaambia nimezoea. Walitazamana kwa huruma. Mkubwa wao alisimama, akavuta shati lake likae vizuri, akatangaza kwamba nchi ya Telezi humpa kila mgeni mwenye shida kama yangu jina laini, na kwamba kuanzia hapo mimi ni Mela. Wote wakapiga makofi.

Walifurahi mno, nami sikuwa na moyo wa kukataa. Na niseme kweli: maishani mwangu nilikuwa nimezoea kuambiwa kwamba jina langu ni gumu, kana kwamba nimelichagua kuwakomoa watu. Hapo ndipo nilipoombwa radhi kwa mara ya kwanza. Niliinywa chai yao kwa shukrani.

Sheria ya majina ya Telezi ni fupi. Inasema kwamba jina la mtu sharti liweze kutamkwa na aliye na chakula mdomoni. Kwa kazi hiyo nchi imemwajiri Mtafuna Rasmi. Niliyemkuta mimi alikuwa Bwana Aloli, mtu mnene, mstaarabu, ambaye hukaa katika ukumbi wa Baraza la Majina akiwa na sinia la mihogo ya kuchemsha magotini. Mzazi huja na jina alilolipenda. Bwana Aloli hujaza mihogo mashavu yote mawili, hutulia, kisha hulitamka. Likitoka pasipo kumwaga chenga, limepita. Likimpalia, limeanguka, na mzazi hupewa pole. Nilimwona kwa macho yangu akipaliwa na Petro hadi akapigwa mgongoni.

Kwa sababu hiyo herufi ngumu zimekwisha majinani mwao. Mdogo wangu Wakio nilimkuta akiitwa Waio. K yake ilimpalia Mtafuna.

Lakini sheria ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mtindo. Kila mwaka, baada ya mvua, Baraza hutangaza jina la msimu, na watoto wote wanaozaliwa hupewa hilo. Si lazima. Hakuna sheria inayowalazimisha. Wazazi hulikimbilia wenyewe, na kila mmoja niliyemuuliza alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba walilichagua kwa kuwa hawakutaka mtoto wao afanane na wengine. Nilikwenda shule ya chekechea nikakuta darasa zima la kina Liana. Mwalimu wao, msichana mvumilivu, alikuwa akiwaita Liana wa Dirishani, Liana wa Kamasi, Liana wa Mama Mrefu.

Watu wazima nao hawataki kupitwa. Shemeji yangu alikuwa Milo siku aliyomposa mdogo wangu, akawa Elani mtoto wa kwanza alipozaliwa, na mimi nilimkuta akiwa Lino. Ni mtu mwema, fundi wa kuchonga mawe, mwenye mikono mikubwa na aibu nyingi. Mama yake, Bi Amale, alikuwa ameshachoka kumfuatilia; alikuwa akimwita "wewe".

"Shikamoo, mama," nilimwamkia Bi Amale nilipoingia kwao.

"Marahaba, mwanangu. Wameshakubatiza mpakani?"

"Wameniita Mela."

"Mela," alilionja. "Afadhali. Wiki iliyopita walimpa mtu jina la Lolo, na ana ndevu."

Nyumba ilikuwa ya mawe meupe, ukingoni mwa mji, na ilikuwa na mtoto mmoja, binti wa mdogo wangu. Naye pia alikuwa Liana wa msimu wake. Alikuwa na macho ya nyanya yetu na ukaidi wake vilevile. Siku ile ya kwanza alinizunguka mara kadhaa bila kusema, akaja kukaa mapajani mwangu kama mtu aliyerudi kwenye kiti chake.

Nilimpenda tangu hapo. Nilimpenda pia Bi Amale, na jikoni kwake ndiko nilikojifunza mengi. Asubuhi moja tulipokuwa tukichambua mchele, nilimuuliza sheria ile ilitoka wapi. Nilidhani angecheka. Hakucheka.

"Ilitoka kwenye msiba," alisema. "Zamani, kabla sijazaliwa, alikuja hapa mama mmoja mfinyanzi kutoka mbali. Alikuwa na jina gumu. Kila akilitaja watu walicheka. Si kwa ubaya, unajua watu. Mmoja anakosea, mwingine anaigiza kosa, wa tatu anaangua kicheko. Sokoni, kisimani, kila mahali. Yule mama akaacha kwenda sokoni. Akaacha kwenda kisimani. Ukuta wake ulikuwa umegusana na ukuta wa watu, na hawakujua kama ni mgonjwa mpaka alipokufa."

Aliutikisa ungo, makapi yakapeperuka.

"Watu waliona aibu kubwa. Wakasema, isitokee tena mtu kuchekwa kwa jina lake katika nchi hii. Ndipo wakatunga sheria. Kwa hiyo usituone wajinga, mwanangu. Tulianza kwa kulia."

Nilifikiri juu ya wote waliowahi kunicheka, na juu ya nchi nzima iliyojitungia sheria kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyechekwa. Nilitamani nyanya yangu angekuwa hai nimsimulie.

Basi ikafika siku ya kutangazwa jina la msimu. Watu wote hukusanyika uwanjani, na uwanja wenyewe uko juu ya mji, kando ya machimbo ya mawe ambako nyumba zao zote zimetokea. Upande mmoja wa uwanja kuna ukumbi wa Baraza, na upande wa pili ardhi imekatwa ghafla kama mkate. Kuna ukuta mfupi wa kuzuia watu, ulio mzima mahali fulani na uliobomoka mahali pengine.

Tulikwenda sote. Wakio alikuwa mzito, akitembea kwa kushika kiuno, lakini alisema hawezi kukaa ndani siku ambayo jina la mwanawe linatangazwa. Shemeji alikwenda mbele kututafutia mahali pa kukaa. Bi Amale alibeba kigoda. Mimi nilimshika mtoto mkono.

Spika wa Baraza, Bi Meleni, alipanda jukwaani, na watu wakanyamaza. Wakati huohuo ukungu ukaingia. Kule ukungu hauji polepole. Hupanda kutoka machimboni kama maziwa yanayofurika sufuria, na mara unakuta huoni mkono wako. Watu hawakushtuka. Bi Meleni alitangaza ndani ya weupe ule kwamba jina la msimu ni Aveli, na kelele za shangwe zikaanza, watu wakakumbatiana na wasiowaona. Mtu mkubwa alinipamia, nikayumba. Niliponyoosha mkono, mtoto hakuwepo.

"Wakio," nilisema, "uko na mtoto?"

"Si uko naye wewe, dada?"

Kisha mdogo wangu akapiga ukelele: "Liana! Liana!"

Na watoto wakaitika. Waliitika kutoka kulia na kushoto, mbele na nyuma, abee na naam na mama niko hapa, na wakaja wakikimbia kutoka kila upande, wakitugonga magoti. Wakio aliwashika mmoja mmoja usoni kwa vidole na kuwaachia. Akina mama wao waliposikia watoto wao wakikimbia gizani mwa ukungu, nao wakaanza kuita, na wote walikuwa wakiita Liana, au Eleni, au Sala, jina la msimu uliotangulia. Kadiri walivyoita ndivyo watoto walivyozidi kukimbia huku na huko, kila mmoja akiifuata sauti isiyo ya mama yake. Na machimbo yalikuwa pale pale. Nilisikia jiwe likiporomoka ukingoni, likagonga mwamba, likagonga tena chini kabisa.

"Watulie!" Bi Amale alipaza sauti. "Jamani, watoto watulie!" Nani amsikilize?

Wakio alinishika bega, kucha zikaniingia. "Dada, mwite kwa jina lako."

"Jina langu?"

"Tukiwa peke yetu nyumbani namwita hivyo. Nilimpa jina la nyanya siku ile ile aliyozaliwa. Baba yake hajui. Mimi pumzi sina. Mwite wewe!"

Ni jambo la ajabu kuliita jina lako mwenyewe. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kuitika tu, tena kuitikia makosa. Nilijaza kifua nikapiga ukelele kama vile nyanya yangu alivyokuwa akiita mbuzi upande wa pili wa bonde.

"Mghoooi!"

Katika uwanja ule wote ikaitika sauti moja.

"Abee!"

Ilikuwa mbali, upande wa kule jiwe lilikoporomokea.

"Mghoi! Usitembee! Kaa chini hapo hapo ulipo!"

"Nimekaa!"

"Umekaa wapi?"

"Kwenye ukuta!"

Nilikwenda kwa magoti, nikipapasa ardhi kwa viganja, nikimwita, naye akiitika kila nikiita, wala hakuchoka. Niligusa kiatu chake kwanza. Alikuwa amekaa pale ukuta ulipobomoka, miguu ikining'inia upande usiofaa. Nilimkumbatia kiunoni nikamvuta, tukaanguka kwa mgongo wote wawili. Aliniambia kwamba alikuwa akitazama mawingu yanatoka wapi.

Nilipokuwa nimelala pale, mtoto kifuani, nikasikia jambo ambalo nchi ile ilikuwa haijalisikia kwa vizazi. Mwanamke mmoja, karibu nami, aliita kwa sauti ya woga, "Chokwe?" Mtoto akajibu. Mwingine akaita kwa nguvu zaidi, "Ng'ambwe! Ng'ambwe wangu!" Na wa upande wa jukwaa, "Mkungwi! Kaa chini, Mkungwi!" Kisha uwanja mzima ukafunguka. Kaghembe, Ndrongo, Gitwa, Mchwampaka; majina ya kukwaruza na ya kukwama, majina ya mababu, yaliyokuwa yamefichwa ndani ya nyumba na kutajwa wakati wa kuoga na wa homa tu. Na kila jina lililoitwa liliitikiwa na mtoto mmoja. Watoto walikaa chini walipokuwa, na mama zao wakawaendea kwa magoti.

Ukungu ulipoinuka kila mtu alikuwa na mtoto wake. Hakuna aliyepotea. Watu walisimama wakitazamana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema alichokisikia kwa jirani yake. Shemeji alikuja mbio, uso mweupe kwa vumbi. Alimbeba binti yake, akamtazama mkewe.

"Umemwita nani?" aliuliza.

"Mghoi," Wakio alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Nisamehe, baba Liana."

Alifikiri sana yule mtu. Kisha akaangalia machimbo, akaangalia mtoto, akasema taratibu, "Nifundishe."

Baraza lilikaa siku iliyofuata, kwani sheria ilikuwa imevunjwa hadharani na takriban raia wote. Ukumbi ulijaa. Bi Meleni alikalia kiti cha Spika, Bwana Aloli alikuwa mahali pake na sinia lake, na wajumbe waliketi kwa safu kulingana na upya wa majina yao. Nitaieleza mijadala ile kama nilivyoisikia, maana ilikuwa ya adabu.

Mjumbe mmoja alipendekeza kwamba kwa kuwa kosa limetendwa ndani ya ukungu, na ndani ya ukungu hakuna aliyeonekana, basi halikutendwa. Alipigiwa makofi mengi. Mwingine alipendekeza watoto wabaki na majina ya msimu ila wafungwe njuga zenye milio tofauti. Wa tatu aliuliza ni nani atakayekumbuka mlio wa njuga ya mwanawe, na akajibiwa kwamba milio mizuri zaidi bila shaka itatangazwa kila msimu.

Kisha alisimama mjumbe mzee, Bwana Wamo, akasema kwa uchungu wa kweli: "Tukiiacha sheria, watu watachekwa tena. Mmemsahau yule mama mfinyanzi? Mnataka afe mara ya pili?"

Ukumbi uliinama. Hata mimi niliinama. Ndipo nikasikia kigoda kikisukumwa, na Bi Amale akainuka kando yangu.

"Bwana Wamo, mimi nina swali moja. Yule mama aliitwa nani?"

Bwana Wamo alimtazama.

"Tunamkumbuka kila mwaka," Bi Amale aliendelea. "Tunawasimulia watoto. Tuna sheria kwa ajili yake. Jina lake?"

Wajumbe waligeukiana. Spika alimgeukia mshauri wake, na mshauri akatazama dari. Bwana Aloli aliacha kutafuna.

"Hatulijui," Bi Amale alisema, "kwa sababu hakuna aliyejifunza. Tuliacha kucheka, ni vizuri. Lakini hatukurudi kumuuliza hata kaburini. Na mimi si Amale. Mama yangu aliniita Kugotwe, na tangu afe hakuna mtu aliyeniita hivyo. Nimemaliza."

Akakaa. Nikamshika mkono.

Bi Meleni akasema anataka kumsikia mgeni. "Tueleze wewe, mama. Umeishi kwingine na jina lako gumu. Sisi tumekukosea nini?"

Sikuwa nimejiandaa. Nilisema yaliyokuwa moyoni.

"Hamjanikosea. Nimekuja kwenu nikapewa kiti na chai na jina, na sijachekwa hata mara moja. Nawashukuru, na nitawashukuru nikifika kwetu. Kule kwetu nimekosewa sana, lakini si wote waliokosea walioniumiza. Nilikuwa na mwalimu aliyelikosea jina langu mwaka mzima, na kila asubuhi aliniuliza, 'Leo nimelipata?' Nikimwambia bado, alisema, 'Basi kesho.' Yule namkumbuka kwa upendo mpaka leo. Aliyeniumiza ni yule aliyecheka, na yule aliyechoka akasema nitakuita Maria tu. Na bwana Lilo wa mpakani, alipojaribu hata akatokwa na jasho, nilikuwa nimefurahi. Laiti angeendelea kidogo."

Nilipokaa, Lilo, ambaye alikuwa kwenye safu ya nyuma, aliinuka na uso wake mpole. Alijishika koo. "M... Mmm-ghhh..." Kilichotoka kilikuwa karibu na mluzi. Hakuna aliyecheka. "Basi kesho," alisema, akakaa, na watu wakampigia makofi.

Walijadiliana siku nzima. Watelezi si watu wa kubomoa kitu chote kwa pigo moja, na sheria waliyoitoa jioni ina mashaka yake kama sheria zote. Inasema kwamba kila mtu ataitwa jina alilopewa na watu wake. Kwamba asiyeweza kulitamka ataomba radhi na kujaribu tena, na mwenye jina atamvumilia. Kwamba kinachokatazwa ni kicheko. Kuhusu jina la msimu, walisema litaendelea kutangazwa kwa wanaolipenda, kwani wengi walikwisha kuwashonea watoto nguo zenye neno Aveli. Na cheo cha Mtafuna Rasmi hakikufutwa. Bwana Aloli alikitumikia kwa uaminifu miaka mingi, na watu wanampenda. Waliongeza tu kifungu kidogo kwamba, kabla ya kutamka jina la mtu, Mtafuna atameza kwanza. Alishukuru sana. Alisema amekuwa na kiungulia tangu aajiriwe.

Mdogo wangu alijifungua siku chache baadaye, asubuhi yenye jua. Nilikuwa pale, nikamshika mgongo, na mtoto wa kiume akatoka akiwa na hasira ya kutosha. Mkunga alimwosha, akamfunga, akampa baba yake. Yule mwanamume mwenye mikono mikubwa alimkodolea macho mwanawe kama jiwe ambalo hathubutu kulichonga.

"Mama," alimwambia Bi Amale, ambaye sasa wengi wetu tulikuwa tukijitahidi kumwita Bi Kugotwe. "Baba yangu aliitwa nani? Si la msimu. Lake."

Bi Kugotwe alikaa kitandani kando ya mkwewe. Alikuwa akilala na jina la mumewe kinywani tangu awe mjane, alituambia, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Nzwirwa," alisema.

Shemeji alilirudia polepole, akalipata mara ya pili. Labda lilikuwa damuni mwake. Wakio alilipata baada ya kuhangaika kidogo. Binti yao, ambaye ulimi wake ulikuwa bado haujajua kipi kigumu na kipi laini, alilisema papo hapo kana kwamba ni maji. Wakanipa mtoto mimi, mama yake mkubwa, nimpokee kwa jina lake.

"Karibu, Nziriwa," nilisema.

"Nzwirwa," alisema Bi Kugotwe.

"Zuwirwa."

"Bado, mwanangu."

"Nzu... Nziwira."

Mimi, Mghoi, niliyesahihisha watu tangu utoto, nilikuwa nimeshikilia mtoto aliyezaliwa asubuhi ile na kulivunja jina lake vipande vipande mbele ya wazazi wake. Niliinua uso nikitarajia kicheko. Hakikuwepo. Shemeji alikuwa akinisubiri. Wakio alikuwa akinisubiri. Nilijua wakati ule ni zawadi ya namna gani kusubiriwa, nami nikacheka mwenyewe, nikajifuta macho kwa ncha ya leso.

Bi Kugotwe alisogea karibu. Aliniwekea kidole kidevuni, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kunywa kwa kikombe.

"Usiikimbilie r," alisema. "Midomo kwanza, kama unayepuliza uji wa moto. Nzwi. Kisha ulimi. Rwa. Tuna siku nzima."

Nikapuliza. Nikajaribu. Nikakosea, nikajaribu tena, na mtoto mikononi mwangu alikuwa ameacha kulia, akinikazia macho yake ya kijivu yasiyoona mbali, mpaka jua likapanda dirishani na jina likatoka zima.

"Haya," alisema yule bibi. "Sasa mwambie wewe ni nani."